Sura ya Tano: Mtani Asiyedai Kuku

Gari liliibwa mchana kweupe katikati ya msiba, na waombolezaji wakapiga makofi.

Hivyo ndivyo Koplo Yohanes alivyoeleza, mikono kwenye usukani, wakati gari la polisi likipanda kuelekea Matogoro. Inspekta Daimu alidhani hakusikia vizuri.

"Wakapiga makofi?"

"Na vigelegele, afande. Kuna mama alimfungulia mwizi geti."

Daimu alitazama nje. Mwezi wa kumi na moja ulikuwa umefika lakini mvua ilikuwa bado, na vumbi la njia lilikuwa jekundu mpaka kwenye majani ya migomba. Jua lilikuwa utosini.

Nyumba ya marehemu Kajetani ilijulikana kwa turubai la bluu na viatu vingi mlangoni. Kajetani alikuwa amezikwa jana yake. Leo mchana ukoo ulikuwa ukae kikao, kuzungumza nani anabaki na nini. Wanaume walikaa kwenye mabenchi bila kuzungumza sana. Wanawake walikuwa jikoni nje, kwenye mafiga, na mmoja alikuwa anamimina maji ya chai kutoka kwenye dumu la njano lililoandikwa GARI kwa rangi nyeusi. Mwanamke mwingine kijana, mwenye sinia la vikombe, aliwauliza watoto waliokuwa wanacheza, "Noela yuko kwenu?" Hawakumjibu, akapita.

Kijana wa miaka thelathini na kitu alikuja mbio kuwapokea. Fulana nyeusi, simu mkononi.

"Shikamoo afande. Mmesumbuka bure."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Saimon. Mdogo wake marehemu, tumbo moja. Ni utani tu, afande. Shemeji ana uchungu, ndiyo maana akawapigia."

"Nieleze huo utani."

"Alikuja Mhehe mmoja asubuhi. Akalia, akacheka, akatutukana, mambo ya watani. Kisha akabeba funguo za gari pale mezani. Akasema, nyie Wangoni mlichukua ng'ombe wa babu zetu, leo nachukua hili. Watu wakacheka. Akaondoka nalo."

"Saa ngapi?"

"Saa nne."

Daimu alitazama kivuli chake. Kilikuwa kimejikunja miguuni.

Yeye alikuwa Myao wa Tunduru, lakini watani wa msibani aliwajua. Hakuna kabila la kusini lisilo nao. Mtani anaweza kulala kwenye kaburi lililochimbwa akakataa kutoka. Anaweza kuvaa kofia ya marehemu, akakamata sufuria ya wali, akaketi juu yake mpaka agombolewe kwa kuku au kwa chochote. Ukimkasirikia umevunja heshima ya marehemu. Kwa hiyo watu huvumilia, na wakivumilia huchekeshwa, na wakicheka uchungu hupungua. Ndiyo kazi yake.

"Huyu Mhehe mnamjua jina?" Daimu aliuliza.

"Kwenye msiba nani anauliza jina?"

"Aliyeibiwa."

Mjane alikuwa ndani, ameketi kwenye mkeka, kanga kichwani. Aliitwa Kunegunda. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka hamsini, mwenye macho makavu ya mtu aliyekwisha kulia.

"Pole sana, mama."

"Ahsante. Kaa hapo kwenye stuli. Usisikilize wanachosema hao nje."

"Wewe unasemaje?"

"Nasema gari limeibwa. Mtani haniibii."

"Gari lenyewe la aina gani?"

"Prado. Ya zamani, rangi ya maziwa, vioo vyeusi. Mume wangu alilinunua mkononi, kwa mkandarasi mmoja aliyemaliza barabara akaondoka zake."

"Lilikuwa zima?"

Kunegunda alimtazama kama anayemwonea huruma. "Inspekta, umewahi kumiliki gari la mkononi?"

"Sijawahi."

"Basi hujui. Gari la namna ile hulimiliki. Unaliuguza. Alipolinunua lilikuwa limepakwa rangi mpya, linang'aa, tukafurahi, tukapiga picha. Rangi ilipobabuka ndipo tukajua tumeoa mgonjwa. Milango ya nyuma haifunguki kwa ndani, mpaka mtu akufungulie nje. Vioo vya nyuma vilikwama vikiwa juu, fundi akakata waya akasema bora hivyo. Geji ya mafuta inasema nusu siku zote, hata likizima njiani. Na kuwaka kwenyewe ukiacha gia kwenye P halitaki kabisa, mpaka uishushe kwenye N, ukanyage breki sana, ndipo..."

"Ngoja, mama. Rudia hapo."

"Kwenye P linalia tik. Tik tu. Mafundi wamelihangaikia, tukazoea."

"Mtu asiyejua?"

"Atakaa humo mpaka betri iishe."

Daimu alisogeza stuli. "Huyu mtani aliliwashaje?"

Kunegunda aligeukia mlango. Nje mtu alikuwa anapasua kuni.

"Mara moja," alisema. "Nilikuwa nimesimama hapo mlangoni. Aliingia, likawaka."

"Mara moja."

"Mara moja, Inspekta."

"Ni nani anayejua hilo la gia?"

"Marehemu. Mimi. Saimon. Na yule mnunuzi wa Tunduru, bwana Abdulatifu wa korosho. Alikuja kulijaribu kabla mume wangu hajazidiwa. Saimon ndiye aliyemleta. Hawakuelewana."

"Marehemu alikuwa anauza?"

"Nilikuwa nataka mimi. Hospitali ilitumaliza. Yeye hakutaka. Aliniambia, hili ni lako, litakubeba. Mbele ya Saimon alisema hivyo. Mbele ya katekista."

Daimu alisimama. Miguu ilikuwa inamuuma tangu asubuhi, lakini sasa aliisahau.

Nje, kwenye benchi la jikoni, aliketi mwanamke mwenye unga wa mahindi usoni, amejipaka mwenyewe, na kofia ya kiume ya marehemu kichwani. Wanawake walikuwa wanamsogezea chai. Koplo Yohanes alimnong'oneza Daimu: huyo ni Subira, muuza mitumba sokoni, Mhehe wa kweli, yuko msibani tangu siku ya kwanza.

"Mama mtani, hujambo?"

"Sijambo, polisi. Umekuja kunikamata? Kofia hii siivui mpaka nipewe jogoo. Nimewaambia hawa wavivu tangu juzi."

"Mwenzako amepewa Prado."

Wanawake wakacheka. Subira hakucheka. Alivua kofia, akaiweka magotini.

"Yule si mwenzangu. Mimi sikusema kitu kwa sababu msiba si wangu. Lakini nilimwambia kamwene, salamu ya kwetu, inayojulikana mpaka na mbuzi wa Iringa. Unajua alinijibu nini? Poa."

"Labda amekulia mjini."

"Hata wa mjini. Na jambo jingine, baba. Mtani anachukua ili agombolewe. Akichukua anakaa nacho hapo hapo, anapiga kelele, leteni kuku, leteni pombe. Akitoka getini utani umekufa. Mhehe gani huyo anaondoka bila kudai kuku?"

"Kwa nini hukusema wakati ule?"

Subira alifuta unga kwenye shavu. "Watu walikuwa wanacheka. Mjane mwenyewe alitabasamu, mara ya kwanza tangu mazishi. Ningesema nini?"

Daimu alimwelewa. Mwizi huyo, au aliyemtuma, aliujua msiba wa Kingoni ndani nje. Alijua kwamba ni hapo tu mtu anaweza kuchukua funguo za gari mbele ya kadamnasi, na aibu ikawa ya yule atakayesema hapana.

Saimon alikuwa amesimama karibu na turubai, anapiga simu, anasikiliza, anakata. Alipomwona Daimu anakuja akaiweka mfukoni.

"Unampigia nani?"

"Ndugu walioko njiani. Kikao kimekaribia."

"Saimon, huyu mtu alijua kuwasha gari lenu."

"Nani?"

"Mtani wako."

Saimon alikuna shingo. Kisha akashusha sauti, akamshika Daimu kiwiko kama rafiki. "Afande, nitasema, lakini usinitaje. Kuna mtu wa Tunduru alililia sana hili gari. Abdulatifu. Alilijaribu, anajua kila kitu chake. Watu wa kwenu hao, afande, unawajua kuliko mimi. Wakitaka kitu..."

"Wakitaka kitu wanafanyaje?"

"Sijasema vibaya."

"Nimesikia ulivyosema. Mwingine?"

"Mwingine..." Alitazama mlango wa nyumba. "Shemeji naye hataki ukoo uliguse. Mtu anaweza kulificha gari kikao kikapita, kisha likaonekana. Mimi sisemi kitu. Wewe ndiye mpelelezi."

Ndani ya dakika moja alikuwa ametoa washukiwa wawili, wa kushoto na wa kulia. Daimu alimwita Koplo Yohanes. Koplo alikuwa amekwisha kuzungumza na askari wa barabarani: barabara ya Tunduru, upande wa Namtumbo, hakuna Prado ya rangi ya maziwa iliyopita. Barabara ya Njombe, kule Gumbiro, hakuna. Njia ya Peramiho, hakuna.

"Saa mbili nzima, barabara zote, hakuna," alisema Daimu. "Basi halijaenda popote. Liko hapa hapa. Nipe namba ya Abdulatifu."

Saimon alisita. Kunegunda, aliyekuwa ametoka nje na kusimama nyuma yao, aliitaja namba kutoka kichwani.

Abdulatifu alipokea kwa sauti ya mtu aliye ghalani. Nyuma yake kulikuwa na kelele za watu wanaopanga magunia. Daimu alifungua sauti ili wote wasikie.

"Asalaam aleikum. Naongea na Abdulatifu?"

"Waaleikum salaam. Ndiye."

"Inspekta Daimu, polisi Songea. Ni habari ya Prado ya Kajetani."

"Inna lillahi, nimesikia amefariki. Alikuwa mtu mwema. Lakini gari lake sikuchukua, Inspekta, na hata mkinipa bure sichukui."

"Kwa nini?"

"Linachemsha. Tuliliendesha mpaka Peramiho na kurudi, tukasimama mara sijui ngapi kulinywesha. Rejeta imetoboka, wameziba na sabuni na dua. Nikamwambia yule kijana, mwanangu, anayenunua hili abebe maji kama anaenda Maka kwa miguu."

"Kijana yupi?"

"Mdogo wa marehemu. Saimon. Yeye ndiye aliyekuwa anaendesha. Mimi hata usukani sikushika, mguu wangu una sukari. Nilikaa nyuma, kioo hakishuki, nikatoka jasho mpaka kofia ikaloa. Nikasema, humu si gari, ni tanuri."

"Kuwasha ulijaribu?"

"Mimi? Sijui hata funguo yake ikoje."

Daimu alikata simu. Hakumtazama Saimon mara moja. Alitazama dumu la njano kwenye mafiga, lile lililoandikwa GARI.

"Mama Kunegunda, dumu lile ni la nini?"

"La Prado. Linakaa miguuni pangu kila safari. Nilipokuwa nakaa mbele na mume wangu sikuwa abiria, nilikuwa mlinzi wa maji. Tulilitoa siku ya kwanza ya msiba, vyombo havikutosha."

"Kwa hiyo gari limeondoka bila maji."

"Bila tone."

Sasa ndipo alipomgeukia Saimon. "Wanaojua gia walikuwa wanne. Mmoja yuko kaburini. Mmoja ameniita mwenyewe. Mmoja hakushika usukani. Amebaki nani?"

"Afande, fundi anaweza..."

"Jina lake nani, huyo uliyemfundisha?"

Saimon alikuwa mbishi. Pengine angebisha mpaka jioni, mpaka kesho, mpaka kituoni, na wakili juu. Lakini yule mwanamke kijana mwenye sinia alikuja akasimama kando yao. Hakupiga kelele. Alikuwa na sauti ya mtu anayeuliza kitu kidogo.

"Baba Noela," alisema, "mtoto umemchukua wewe?"

"Mtoto gani?"

"Noela. Si kwa watoto, si kwa jirani. Nimezunguka kote. Nilidhani shangazi amembeba kwenda naye sokoni, sasa hivi shangazi amerudi peke yake."

Saimon alikasirika kwa haraka, kama wanaume wanavyokasirika wanapoogopa. "Aurelia, nina mambo hapa. Mlimlaza wapi asubuhi?"

Aurelia alitazama kando ya uzio, pale ambapo hapakuwa na kitu isipokuwa alama za matairi na doa la maji mekundu kwenye vumbi. Alikuwa amepatazama hapo mara nyingi tangu asubuhi. Sasa alipaona.

"Alikuwa na homa," alisema. "Nikampa dawa. Ndani kulikuwa na watu wengi, kelele. Nikamlaza kwenye kiti cha nyuma, nikamfunika kitenge. Gari lilikuwa kivulini."

Sinia lilikuwa bado mikononi mwake. Vikombe vilianza kugongana.

Subira alisimama, kofia ya marehemu ikaanguka chini, hakuiokota. Kutoka saa nne mpaka sasa. Vioo vyeusi, visivyoshuka. Milango isiyofunguka kwa ndani. Mtoto wa miaka minne aliyelala kwa dawa.

Saimon aliketi chini. Hakuanguka, aliketi, kwenye vumbi, kama mtu aliyechoka kusubiri basi.

"Remmy," alisema. "Anaitwa Remmy. Dalali wa magari, anatoka Makambako. Si Mhehe."

"Yuko wapi?"

"Kuna bani la zamani la kukaushia tumbaku, njia ya mashamba, nyuma ya vilima. Alikuwa akae huko mpaka giza. Abadilishe namba, kisha Njombe."

"Mpigie."

"Napiga tangu saa ile. Tulikubaliana azime simu." Alianza kulia bila kufuta machozi. "Mimi sikujua kama mtoto yumo. Mungu wangu, sikujua."

"Nyamaza unisikilize. Ulimwambia habari za gia. Ulimwambia habari za maji?"

Saimon alitikisa kichwa.

"Linachemsha, limetoboka, halina dumu, linapanda kilima, na hukumwambia. Kwa nini?"

"Angeshusha bei," alisema Saimon.

Aurelia alimtazama mumewe kama mtu anayejaribu kukumbuka walionana wapi. Kisha akaweka sinia chini, taratibu, vikombe vyote vikiwa vizima, akaenda kuingia kwenye gari la polisi bila kuambiwa.

Kunegunda alimwaga chai iliyokuwa kwenye moto, akazima mafiga kwa mguu, akajaza dumu bombani. "Kwenye bani halijafika," alimwambia Daimu huku akipanda. "Baada ya kijito kuna kilima kimoja. Mume wangu alikuwa anasimama chini yake kila safari, analinywesha, ndipo anapanda. Asiposimama halifiki juu."

Waliondoka. Koplo Yohanes aliendesha kama anayefukuzwa. Kunegunda alikaa mbele na dumu katikati ya miguu, kwa mazoea, mkono mmoja juu ya kifuniko. Aurelia alikaa nyuma ya dereva, Saimon pembeni yake na pingu mikononi. Alijaribu kusema kitu. Aurelia alisogea mpaka bega lake likagusa mlango.

Daimu alikuwa ametoa kichwa dirishani, anatazama barabara. Njia ya mashamba ilikuwa ya udongo mkavu. Alikuwa anatafuta kitu kimoja.

"Simama."

Katikati ya alama za matairi kulikuwa na tone, kisha tone, mekundu kama damu iliyokauka. Maji ya kutu. Kila hatua chache tone jingine, na kadiri walivyosogea yalizidi kukaribiana, mpaka yakawa mstari.

"Linavuja sana," alisema Kunegunda. "Hapa lilikuwa limeanza kunguruma."

Walivuka kijito chembamba kwa daraja la magogo. Kilima kilianza. Mstari wa kutu ulipanda nao nusu ya njia, ukatengeneza dimbwi lililokwisha kukauka, kisha ukakatika. Mbele yake barabara ilikuwa safi. Prado haikuwepo.

"Limepanda," alisema Koplo.

"Halijapanda." Daimu alishuka. Alama za matairi zilikuwa zimerudi nyuma, zimekata kona, zimeingia kwenye misonobari. Matawi yalikuwa yamevunjika kwa ndani. "Limezimika. Akaliachia lirudi kinyumenyume mpaka huku, asionekane."

Prado ilikuwa mita chache ndani ya miti, lakini mahali pale miti ilikuwa imekatwa mwaka jana na jua lilikuwa linapiga moja kwa moja. Boneti ilikuwa wazi. Hapakuwa na mtu. Milango ilikuwa imefungwa, na bati lilikuwa la moto kiasi kwamba Daimu aliondoa mkono.

Vioo vyeusi. Aliweka uso kwenye kioo, akaziba mwanga kwa viganja. Hakuona kitu.

"Noela," aliita Aurelia, akigonga. "Noela, mama. Mama yuko hapa."

Koplo Yohanes aliokota jiwe akavunja kioo cha mlango wa mbele, akaingiza mkono, akafungua. Hewa iliyotoka iliwapiga usoni kama ya chungu kilichofunuliwa. Daimu aliruka juu ya kiti cha mbele.

Kitenge kilikuwa sakafuni. Ndala moja ya mtoto, ya pinki. Kwenye kioo cha nyuma, chini kabisa, kulikuwa na alama za viganja vidogo, nyingi, moja juu ya nyingine, za jasho na kamasi.

Mtoto hakuwepo.

Aurelia alichukua ile ndala akaikumbatia. Saimon, aliyekuwa nje, aliona uso wa Daimu, akapiga magoti akaanza kutapika.

Daimu alijilazimisha kufikiri. Kufikiri ndiyo kazi aliyokuwa nayo. Kulia wangelia wengine. Gari lilikuwa limefungwa kwa funguo. Mtoto asingeweza kulifungua kwa ndani, wala kulifunga kwa nje.

"Remmy amemtoa," alisema. "Kisha akafunga gari. Sikieni. Mtu anayekimbia hafungi mlango. Huyu anategemea kurudi. Gari limekauka, mtoto amekauka. Maji yako wapi?"

"Kijitoni," alisema Kunegunda.

Waliteremka kwenye miti wakishikilia matawi, Aurelia mbele, ndala mkononi. Mwiba ulimrarua kitambaa kichwani, hakugeuka. Walisikia maji kabla ya kuyaona. Halafu wakasikia sauti ya mwanamume, inaimba vibaya, wimbo wa kubembeleza mtoto ambao hakuujua wote.

Alikuwa ameketi ndani ya kijito, maji kiunoni, na viatu vyake. Mtu mwembamba wa miaka arobaini. Mtoto alikuwa kifuani pake, amevuliwa gauni, na mwanamume alikuwa anamchotea maji kwa kofia na kummwagia kichwani pole pole. Aliwaona. Aliziona sare. Hakusimama.

"Anapumua," alisema. "Njooni haraka, anapumua lakini hanijibu."

Aurelia aliingia majini akamchukua. Kichwa cha Noela kilianguka kwenye bega la mama yake. Midomo ilikuwa imepasuka, macho nusu wazi, ngozi kavu na ya moto hata baada ya maji yote yale. Daimu aliweka vidole viwili shingoni mwa mtoto. Mapigo yalikuwepo, mepesi, ya haraka kama ya ndege.

"Ilikuwaje?"

Remmy aliikamua kofia yake. "Lilizima kwenye mlima, linatoa moshi. Nikalificha, nikalifunga, nikaenda kutafuta maji ya rejeta, nikapotea huko porini. Niliporudi nikasikia kitu kinagonga. Gari la mkononi, mzee, kila mahali panagonga. Nilidhani ni injini. Nikafungua boneti. Nikasikiliza. Nikashika hiki, nikashika kile, nikitafuta kinachogonga." Alifunga macho. "Kisha kikaacha kugonga. Ndipo nikafikiri, injini imezimwa. Injini iliyozimwa inagongaje?"

Koplo alimfunga pingu. Remmy alinyoosha mikono mwenyewe.

"Ulikuwa na simu," alisema Daimu. "Kwa nini hukupiga?"

"Nimewasha. Huku hakuna mtandao. Nilikuwa nampoza kwanza, nimbebe nitoke naye barabarani." Akamtazama Saimon juu ya ukingo. "Hukuniambia kuhusu maji, Saimon. Na mtoto hukuniambia."

Noela alikohoa. Kunegunda alikuwa ameloanisha ncha ya kanga, akamgusisha midomoni, kidogo, kidogo tena. Mtoto alinyonya ile kanga. Kisha uso wake ukakunjamana, akalia. Kilio kikavu, bila machozi, chembamba kama mlango usio na mafuta. Daimu hakuwahi kusikia kitu kizuri kama hicho, wala kibaya.

"Hospitali," alisema. "Sasa hivi."

Kilima kilikuwa kirefu na Aurelia alikuwa anahema, nguo zimelowa, zimemnasa miguuni. Saimon aliteremka ukingo akawafikia, akanyoosha mikono yake yenye pingu.

"Nipe nimbebe, mama Noela. Utachoka."

Aurelia alisimama. Aliitazama ile mikono kwanza, kisha uso.

"Mgomboe kwanza," alisema.

Akapita naye.

Saimon alibaki na mikono imenyooka mbele, kama mtu anayepokea mzigo, mpaka Koplo Yohanes alipomsukuma mgongoni. Juu, Kunegunda alipita kando ya Prado bila kuitazama. Dumu lilikuwa limejaa. Alikaa kwenye kiti cha nyuma cha gari la polisi safari hii, akalifungua, na njia nzima mpaka mjini akawa anamimina maji kwenye kiganja, kidogo kidogo, juu ya kichwa cha mtoto.